Harufu ya Mpira Unaoungua Garini: Jua Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Gari linapotoa harufu ya mpira unaoungua, mwenye gari huwa na mambo mawili ya kuyalinda kwa wakati mmoja: uhai wa waliomo ndani ya gari na fedha zilizomo mfukoni mwake. La kwanza hudai haraka, la pili hudai utulivu. Anayeyachanganya huishia ama kuendelea kuendesha gari lililopaswa kusimamishwa, ama kununua kipuri badala ya kile ambacho hakikuwa kibovu.

Makala haya yameandaliwa kwa ajili ya mtumiaji wa kawaida asiye fundi. Hatukusudii kumfundisha kufungua injini. Tunakusudia afike gereji akiwa na maelezo yanayoeleweka, ajue maana ya anayoambiwa, na alipie tu ubovu uliothibitishwa. Jambo kuu la kukumbuka ni kwamba harufu ni moja lakini vyanzo vyake ni vingi. Mkanda wa injini, klachi, breki, tairi, waya wa umeme, hata mfuko wa plastiki ulionasa kwenye bomba la moshi, vyote huweza kumfanya dereva aseme, "Gari linanuka mpira." Gharama zake, hata hivyo, hazilingani kabisa. Mfuko hubanduliwa bure, ilhali klachi hudai giaboksi ishushwe.

Kwanza, usalama

Harufu inapoingia ndani ya gari, punguza mwendo, washa taa za tahadhari, na utafute mahali salama pa kusimama nje ya njia ya magari. Epuka kusimama juu ya majani makavu, kwa kuwa sehemu za bomba la moshi huwa na joto la kutosha kuyawasha. Kabla ya kuzima injini, tupia jicho dashibodi: je, taa ya betri imewaka? Je, mshale wa joto umepanda? Kisha zima injini na uweke pembetatu za tahadhari.

Ukiona moshi mzito ukitoka chini ya boneti, au ukiona moto, shusha abiria wote mara moja na muende mbali na gari. Usifungue boneti wazi. Hewa inayoingia kwa ghafla huupa moto nguvu. Asiyefahamu kutumia kizima moto asijaribu kujifunza wakati huo. Kwa Tanzania, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Pasipo moshi wala moto, subiri injini ipoe kabla ya kuchungulia. Usifungue mfuniko wa rejeta wakati injini ina joto, na usimwagie maji gurudumu linalofuka, kwa kuwa diski ya breki yenye joto kali huweza kupinda au kupasuka.

Maswali matatu ya kujiuliza

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza kabla ya kushika spana. Mwenye gari aliyejiuliza mapema humpunguzia fundi kazi, na hujipunguzia mwenyewe gharama. Maswali hayo ni haya:

Lini? Je, harufu hutokea gari linapowashwa asubuhi, linapopanda mlima, baada ya kufunga breki mara nyingi, linapobeba mzigo, au unapowasha kiyoyozi?

Wapi? Zunguka gari likiwa limesimama. Je, harufu ni kali zaidi mbele kwenye boneti, kwenye gurudumu moja, chini katikati ya gari, au ndani kwenye dashibodi?

Pamoja na nini? Je, kuna mlio wa kusaga au wa kupiga yowe, gari kuvutia upande mmoja, usukani kuwa mzito, injini kunguruma bila mwendo kuongezeka, au taa kufifia?

Andika majibu yako kabla hujayasahau. Majibu hayo matatu hutosha, mara nyingi, kubakiza vyanzo viwili au kimoja kati ya vile tutakavyovieleza.

Mkanda wa injini

Mkanda huu, ambao wengi huuita fenibelti, huzungushwa na injini ili nao uzungushe altaneta, kompresa ya kiyoyozi, na katika magari mengi pampu ya maji pamoja na pampu ya usukani. Ukiteleza juu ya puli yake, msuguano huuchoma na harufu hutoka mbele ya gari. Dalili zake nyingine ni yowe kali wakati wa kuwasha injini au wa kukata usukani hadi mwisho, na pengine taa ya betri kuwaka.

Injini ikiwa imezimwa na kupoa, mulika mkanda kwa tochi. Tazama kama una nyufa, kama kingo zake zimechanika, kama umeng'aa upande wa ndani, au kama una oili. Mikanda mingi ya kisasa hutengenezwa kwa mpira usiopasuka upesi. Huisha kwa kulika mifereji yake kama tairi linavyolika. Kwa hiyo kutokuwepo kwa nyufa si uthibitisho kwamba mkanda ni mzima.

Hapa ndipo watumiaji wengi hupoteza fedha. Tuchukulie mwenye teksi ambaye mkanda wake umeanza kunuka. Anabadilishiwa mkanda, harufu inakwisha. Baada ya wiki chache inarudi. Anaambiwa mkanda ule ulikuwa hafifu, ananunua mwingine. Inarudi tena. Laiti mtu angetazama juu ya mkanda siku ya kwanza, angeona oili ikivuja polepole kwenye gasketi ya mfuniko wa juu wa injini, ule ambao mafundi huuita tapeti kava, na kudondokea mkanda. Gasketi ile ingebadilishwa mapema, mkanda mmoja ungetosha. Mkanda uliungua, ndiyo, lakini ulikuwa mwathirika wa ubovu wa kitu kingine.

Vivyo hivyo, puli iliyokwama huuchoma hata mkanda mpya. Jaribio jepesi ni hili: harufu ikija unapowasha kiyoyozi na kukoma unapokizima, kompresa ndiyo ya kushukiwa kwanza. Kisha, fundi anapoutoa mkanda, mwombe azungushe kila puli kwa mkono mbele yako. Puli nzima huzunguka kwa ulaini na bila kuyumba. Ile inayokwaruza, inayogoma au inayocheza ina beringi mbovu. Jaribio hilo halihitaji mashine wala fedha, na linapaswa kufanyika kabla ya mkanda mpya kufungwa.

Usikubali mkanda upakwe sabuni, nta au mafuta ili kuunyamazisha. Mlio huondoka kwa muda na mtelezo huzidi. Tena, usiahirishe matengenezo yake: mkanda ukikatika njiani, betri haichajiwi, usukani huweza kuwa mzito, na katika injini ambazo pampu ya maji huendeshwa na mkanda huo, joto hupanda kwa dakika chache na kuiharibu injini.

Klachi

Harufu ya klachi hutoka chini katikati ya gari, na huwasha pua kama karatasi na mpira vilivyochomwa pamoja. Humhusu mwenye gari la gia za mkono, likiwemo pikapu, basi dogo na lori. Magari mengi ya otomatiki hayana klachi ya namna hii. Mwenye gari la otomatiki anayesikia harufu ya kuungua kutoka chini aombe kwanza kuangaliwa oili ya giaboksi, wingi wake, rangi yake na harufu yake.

Klachi hunuka inapoteleza. Dalili iliyo wazi ni injini kupandisha mizunguko ilhali mwendo hauongezeki, hasa mlimani au kwenye mzigo. Unaweza kupima kwenye barabara tambarare isiyo na magari: endesha kwa mwendo mdogo ukiwa kwenye gia ya juu, kisha kanyaga mafuta. Iwapo injini itanguruma juu kwa ghafla na gari kubaki na mwendo ule ule, klachi inateleza.

Hata hivyo, harufu iliyotokea mara moja tu, baada ya kukwamuka kwenye matope au kurudi nyuma mlimani na mzigo, si hukumu ya kununua klachi mpya. Liache gari lipoe, uendeshe kwa uangalifu, na uchunguze. Harufu isiporudi, tatizo lilikuwa kazi nzito ya siku ile. Ikirudi kila mara, tazama kwanza mazoea ya dereva: kuegesha mguu kwenye pedeli ya klachi, kulizuia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, au kuondoka kwa gia ya pili. Mazoea hayo yataimaliza klachi mpya kama yalivyoimaliza ile ya zamani.

Ikithibitika kwamba klachi imekwisha, ni busara kubadilisha klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja, kwa kuwa ufundi wa kushusha giaboksi ni mkubwa na hulipiwa upya kila inaposhushwa. Omba pia kuoneshwa kama kuna oili iliyovuja kutoka kwenye sili ya nyuma ya injini. Pleti mpya ikipata oili itateleza vilevile.

Breki

Harufu ikiwa kali zaidi kwenye gurudumu moja, shuku breki. Anza na jambo dogo: je, breki ya mkono ilishushwa yote? Wengi wamefukuzana na ubovu usiokuwepo kwa sababu ya breki ya mkono iliyosahauliwa.

Kama haikusahauliwa, huenda breki ya gurudumu hilo imeshika na haiachii. Kutu kwenye pistoni, pini zilizokauka, au mpira wa breki ulioziba kwa ndani huzifanya pedi zisuguane na diski muda wote. Gari huvutia upande mmoja, huwa zito kama linavuta mzigo, na gurudumu huwa la moto. Ili kulinganisha, endesha umbali mfupi bila kufunga breki kwa nguvu, simama, kisha sogeza nyuma ya kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu lenye joto kuliko mwenzake wa upande wa pili ndilo lenye shida. Kubadilisha pedi peke yake hapa hakusaidii. Pedi mpya zitaungua kama zilizotangulia mpaka kilichozishikilia kiachiliwe.

Yako mazingira ambamo breki nzima nazo hunuka. Anayeteremka mlima Kitonga mkoani Iringa, Sekenke mkoani Singida, au barabara ya Lushoto kuelekea Mombo, akikanyaga breki tangu juu hadi chini, atasikia harufu hiyo. Ni onyo la kwanza kwamba breki zimepata joto kupita kiasi. Onyo la pili ni pedeli kulainika, na mara nyingi la tatu halipo. Teremka kwa gia ndogo ili injini ilizuie gari. Kwenye otomatiki tumia nafasi ya L, 2 au B kulingana na gari. Harufu ikishatokea, tafuta mahali salama, simama na usubiri zipoe. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na unyevu huo hushusha kiwango cha joto cha kuchemka kwake. Kwa magari mengi yapaswa kubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi, hata kama hayajapungua.

Pedi mpya huweza kunuka kidogo katika safari za mwanzo. Hilo ni jambo la kawaida, mradi harufu ipungue siku kwa siku na magurudumu yasiwe ya moto.

Tairi

Tairi hunuka linapogusa mahali lisipopaswa kugusa. Kagua upande wa ndani wa madigadi na wa tairi lenyewe: alama nyeusi zilizong'aa au mchubuko mpya huonesha pa kugusana. Sababu huwa ni tairi kubwa kuliko lile lililoidhinishwa kwa gari hilo, springi zilizolegea, au mzigo uliopita kiasi.

Tairi lenye upepo mdogo nalo hupata joto, kwa kuwa kuta zake hujikunja kila linapozunguka. Kiwango sahihi cha upepo kimeandikwa kwenye kibandiko, ambacho kwa kawaida huwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pima asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi.

Anayenunua tairi, liwe jipya au la mtumba, asome tarehe yake. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu 4: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, na mng'aro wa rangi nyeusi iliyopakwa juu si ushahidi wa upya.

Waya za umeme

Harufu inayotoka kwenye dashibodi au karibu na betri, inayofanana zaidi na plastiki kuliko mpira, ichukuliwe kuwa hatari kubwa. Waya unaopitisha umeme mwingi kuliko uwezo wake huyeyusha ganda lake, na kutoka hapo moto hauko mbali. Zima gari. Kama unajua kufungua terminali ya betri, ifungue, na usiliwashe tena mpaka fundi wa umeme alikague.

Wakumbuke waliofunga baadaye redio kubwa, taa za ziada, alamu au kifaa cha kufuatilia gari. Kila nyongeza yapaswa kuwa na fyuzi yake na waya wenye unene unaofaa. Fyuzi inapoungua mara kwa mara, inafanya kazi iliyowekewa. Kuweka ya namba kubwa zaidi, kwa mfano ya njano ya ampea 20 mahali pa nyekundu ya ampea 10, au kuizungushia karatasi ya sigara, ni kumfukuza mlinzi kwa sababu alipiga kelele.

Oili, na vitu vilivyonasa

Oili inayodondokea ekzosi huungua na kutoa moshi mwepesi wa buluu. Wengi huiita harufu ya mpira, ingawa ni ya mafuta. Maji ya rejeta yenye kuluanti hutoa harufu tamu. Mfuko wa plastiki, kipande cha kamba au ndala iliyookotwa barabarani hunasa chini ya gari na kuyeyuka juu ya bomba la moshi. Harufu ya namna hiyo huanza ghafla na hupungua yenyewe baada ya siku chache. Mulika chini ya gari lililopoa kabla ya kukubali gharama yoyote kubwa.

Ukiwa gereji

Mtumiaji ana haki ya kupewa maelezo kabla ya kulipa. Muulize fundi maswali matatu, kwa heshima na bila haya: Umejuaje kwamba ni hiki? Ni nini kilichokiharibu? Tutathibitishaje kwamba kimepona? Fundi anayejua kazi yake hujibu kwa kukuonesha. Anayejibu, "Tubadilishe kwanza, tuone," anakuomba ugharimie majaribio yake.

Zaidi ya hayo, tunashauri yafuatayo:

Pata makadirio ya maandishi yanayotenganisha bei ya vipuri na gharama ya ufundi. Kazi ya nyongeza isianze mpaka umeridhia.

Eleza kwamba utachukua vipuri vya zamani. Kipuri kilichotolewa ni ushahidi: mkanda wenye oili au pedi iliyoungua upande mmoja husimulia chanzo.

Uliza kama kipuri ni kipya au kimetumika, na jibu liandikwe kwenye risiti. Kuuza kilichotumika si kosa. Kukiuza kwa jina la kipya ni kumpotosha mnunuzi.

Jaribuni gari pamoja katika hali ile ile iliyoleta harufu. Kama ilitokea mlimani, kulizungusha uwanjani hakuthibitishi kitu.

Dai risiti halali, na uitunze pamoja na jina la gereji, tarehe, kilometa zilizosomeka na muda wa dhamana uliokubaliwa.

Kazi isiporidhisha

Harufu ikirudi, rudi kwanza kwa aliyelitengeneza, ukiwa na risiti na kipuri cha zamani, na umpe nafasi ya kurekebisha. Andika madai yako hata kama ni kwa ujumbe wa simu, ili kuwe na kumbukumbu. Asipotekeleza, wasilisha malalamiko kwa maandishi katika mamlaka inayowalinda walaji. Kwa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kuwapotosha walaji, na Sheria ya Alama za Bidhaa inakataza biashara ya bidhaa bandia. Sheria hizo humsaidia zaidi mwenye ushahidi mkononi.

Tunamalizia pale tulipoanzia. Harufu ikisikika, simama. Ukisimama, jiulize lini, wapi na pamoja na nini. Ukifika gereji, uoneshwe chanzo kabla ya kulipia tiba. Waliotangulia walisema kuuliza si ujinga. Mbele ya boneti iliyofunguliwa, kuuliza ni nusu ya matengenezo.